Kisu cha Nakala kwa Bei ya Mbuzi

Mpwa wangu wa Muyinga alinipigia simu majuzi, akiwa ametoka kuuza maharage ya msimu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniambia, "Mjomba, nimepata kisu. Miaka kumi ijayo watu watakigombania." Picha aliyonitumia ilionyesha kisu cha kukunja ndani ya kisanduku chake: Replica 1897 ya Victorinox, nakala iliyotengenezwa kwa idadi maalumu. Muuzaji alitaka fedha ambazo zingenunua mbuzi kadhaa, na kijana alitaka kujua kama akiba yake aiweke humo.

Nilimjibu hivi, na ninamjibu vivyo hivyo kila anayeniuliza hapa Gitega: kama unatafuta akiba, usinunue. Kama ada ya shule imelipwa, mbegu zipo ghalani, na moyo wako unakipenda kisu chenyewe, nunua kimoja, lakini ukijua unachonunua.

Tuanze na kisu hicho cha Uswisi, maana hadithi yake ni ya kweli na ndiyo inayouzwa. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alianza kazi yake ya visu huko Ibach mwaka 1884. Mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la Uswisi kisu cha askari, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kisu chepesi zaidi, kilichoongezewa ubapa mdogo na kizibuo cha chupa. Hicho cha pili jeshi halikukigawa. Maofisa walikinunua kwa fedha zao. Mwaka 2022, miaka 125 baadaye, kiwanda kilitoa nakala 9,999 za kisu hicho kwa dunia nzima.

Sasa itazame namba hiyo. Visu 9,999, na karibu vyote vimenunuliwa na watu wanaovifungia kabatini visiguswe. Baada ya miaka hamsini vitakuwa bado vipo, safi, kila kimoja kwenye kisanduku chake. Kisu cha zamani huadimika kwa njia nyingine: kimevunjika kikifungua kopo, kimepotelea shambani, kimenolewa mpaka ubapa ukawa mwembamba kama jani la mgomba. Vichache vinavyosalia vina thamani kwa sababu vingine vimekufa. Uadimu wa nakala umepangwa na kiwanda, na kiwanda hichohicho kinaweza kutoa toleo jingine wakati wowote.

Wamarekani wameyapitia haya kabla yetu. Kampuni ya Franklin Mint, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliuza medali, sahani za ukumbusho na baadaye visu vya kukunja vyenye michoro mizuri, na wanunuzi wengi waliamini wanawawekea watoto wao mali. Watoto hao walipovipeleka sokoni, vingi vilipata bei iliyo chini sana ya ile aliyolipa baba. Upande wa pili ipo kampuni ya Remington. Visu vyake vyenye alama ya risasi kwenye mpini vilipendwa na wawindaji tangu miaka ya 1920, na mwaka 1982 vikaanza kutolewa upya. Toleo lile la kwanza la 1982 lilipanda bei kuliko mengi yaliyolifuata. Nakala ya kwanza ya mfululizo ina nafasi kidogo. Ya saba na ya kumi hazina.

Mimi nayajua haya kwa mfuko wangu. Niliwahi kununua kisu cha toleo maalumu cha kiwanda kimoja cha ng'ambo, kikiwa na sanduku la mbao na karatasi yenye muhuri. Nilikitunza miaka tisa. Siku niliyohitaji fedha, mnunuzi aliyekuwa tayari kutoa bei kubwa kuliko wote hakufika hata nusu ya niliyolipa, tena alinionyesha doa la kutu ambalo mwenyewe sikuwahi kuliona. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hata kama bei ingepanda, kuna hesabu ya umbali. Tuseme kisu ni dola 300. Usafirishaji uwe 50, kodi na gharama za forodha ziwe 100. Umefikia 450 kabla hujakishika. Wanaokusanya visu hivi wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo siku ya kuuza utalipa tena 50 kukirudisha huko, na soko la mtandaoni litakata chake. Ili urudishiwe fedha zako tu, bila faida ya hata faranga moja, bei lazima ipande kwa zaidi ya thuluthi mbili. Najua kwa nini watu wanakimbilia vitu vya dola. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, kila mwenye akiba ya noti alihisi imeyeyuka mkononi. Lakini kitu cha dola ni akiba pale tu unapoweza kukiuza karibu. Mbuzi anauzika Muyinga siku yoyote ya soko. Kisu cha namba 4,312 kitampata nani pale?

Kama bado unakitaka, usinunue kwa picha. Kishike. Kifungue polepole kisha kwa kasi, na usikilize: springi nzuri hupiga mlio mmoja mkavu mwishoni, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Ubapa ukisharudi ndani, tazama kama umekaa katikati bila kugusa kuta. Ukiwa wazi, ushike ncha kwa kitambaa na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, ribiti zimelegea. Kielekeze kwenye mwanga na utafute mwanya kati ya springi na mpini. Halafu soma mhuri kwenye shina la ubapa, pale karibu na bawaba. Jina la mji wa Solingen, kwa mfano, linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, na ndiyo maana waigizaji hupenda kuliandika pasipostahili. Herufi zilizopinda au zilizochapwa juujuu zikutie shaka. Namba ya kwenye kisu ifanane na ya kwenye cheti na kisanduku. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, omba bei ishuke au ondoka. Na muulize muuzaji swali moja: "Wewe utakinunua tena kwangu kwa bei gani mwakani?" Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Kwa mwenye kiu ya kukusanya kweli, ningemwelekeza kwenye Okapi. Wazee wengi wanakijua: kisu cha mpini wa mbao wenye alama za mwezi na nyota, pete ya chuma mgongoni, na mlio wa meno yake kinapofunguka, tiki tiki tiki. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtambua okapi, mnyama wa msitu wa Ituri, hapo jirani Kongo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1912, Wajerumani haohao walijenga kituo chao hapa Gitega. Tangu mwaka 1988 kisu hiki kinatengenezwa Afrika Kusini, na kipya bado ni cha bei ndogo. Cha zamani chenye mhuri wa Ujerumani ndicho cha kutafuta, nacho huenda kimelala kwenye droo ya babu ya mtu, kimesahaulika. Marehemu mjomba wangu, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka wa Kobero na magunia, alikata kamba kwa Okapi yake mpaka nyota moja ikadondoka kwenye mpini. Sitaiuza.

Ukikipata kisu cha namna hiyo, uliza kilikuwa cha nani, kilikata nini, kilinunuliwa soko gani, na uandike majibu kwenye daftari siku hiyohiyo. Mkusanyaji makini hulipia maelezo kama hayo, na wajukuu watayahitaji. Fika pia kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa hapa Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955, uone silaha na zana za jadi kwa macho yako kabla hujaanza kununua vya wahunzi wetu. Kitu cha kale chenye heshima ya ukoo au ya ufalme usikinunue kutoka kwa kijana anayenong'ona nyuma ya duka. Urithi wa utamaduni unalindwa na sheria ya mwaka 1983, na hata sheria isingekuwapo, kitu kile kina wenyewe.

Utunzaji ni kazi ndogo ya kila mwezi. Mvua zetu hudumu miezi mingi na chuma cha kaboni hakizisamehe. Futa ubapa kwa kitambaa kikavu, upake tone la mafuta ya cherehani, tone jingine kwenye bawaba. Mafuta ya kupikia usiyatumie, huganda yakawa gundi. Usikihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi: ngozi hunyonya unyevu, na ndiyo iliyoniletea lile doa. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya uviweke pembeni yake. Cha zamani usikisugue kwa msasa ili king'ae. Ile rangi ya kijivu ni umri wake, na ukishaiondoa hairudi. Cha toleo maalumu usikinoe hata mara moja kama bado unawaza kukiuza.

Safarini kiweke chini kabisa ya begi, kimefungwa, pamoja na risiti. Kwenye gari la kutoka Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi, kisu mfukoni kwenye bariyeri kinazua maswali yasiyo ya lazima; na kwenye ndege hakiingii na abiria, kinakwenda na mizigo ya chini.

Mpwa wangu hakununua. Alinunua mbuzi wawili, na fedha iliyobaki akaiweka. Jumamosi ya wiki jana alipiga tena, sauti juu: mzee mmoja jirani yake ana kisu cha kukunja, mpini umepasuka, springi ingali hai, na mhuri umejaa uchafu hausomeki. Nimemwambia achukue mswaki mkavu, asiguse kwa maji, na kabla ya kutaja bei amwombe mzee amsimulie alikipata wapi.