Dondoo Muhimu: Divai Nyekundu ya Abruzzo Mezani

Atakaye divai nyekundu ya Kitaliano kwa thamani nafuu, ifaayo chakula cha jioni cha siku yoyote, na aitafute ile iitwayo Montepulciano d'Abruzzo, itokayo katika jimbo la Abruzzo, baina ya milima ya Apennini na bahari ya Adriatiki, ambayo jina lake limehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1968, na ambayo zabibu za Montepulciano ndani yake hazipungui asilimia 85. Asiichanganye na Vino Nobile di Montepulciano ya Toscana, ambayo aghalabu ni ghali zaidi na hufanywa hasa kwa zabibu za Sangiovese. Huko Montepulciano ni jina la mji, huku ni jina la zabibu.

Ikiwa nyumba ina joto, chupa itiwe katika friji kadiri ya robo saa kabla ya kula, kwani ladha yake hudhihiri vema baina ya digrii 16 na 18, na ikizidi hapo ukali wa kileo huifunika harufu ya matunda. Wenyeji huinywa pamoja na arrosticini, yaani mishikaki midogo ya nyama ya kondoo iliyochomwa juu ya makaa, na kwa rai yangu hakuna muwafaka bora kuliko huo, kwa kuwa mafuta ya kondoo huulainisha ukakasi wa divai. Tambi za mchuzi wa nyanya nazo zafaa. Glasi isijazwe kupita theluthi. Itakayobaki izibwe, iwekwe frijini, inywewe ndani ya siku tatu.