Shingo Iliyotibiwa, Mbona Inauma Tena?

Katika kaya nyingi mambo huenda hivi. Mama anaumwa shingo, maumivu yanashuka begani hadi vidoleni, usiku halali. Hospitali anapigwa picha na kuambiwa pingili za shingo zimechakaa. Anapewa dawa, anafundishwa mazoezi. Wiki kadhaa baadaye anapata nafuu, anaacha mazoezi, anarudi kwenye ndoo, kuni na cherehani. Miezi haipiti mingi shingo inauma palepale. Nyumbani wanaanza kunong'ona kuwa dawa zilikuwa feki, au kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Shingo ina pingili 7, na isipokuwa kati ya zile mbili za juu kabisa, baina ya pingili na pingili kuna diski: gegedu lenye majimaji ndani, linalopokea uzito na kuiwezesha shingo kujikunja. Umri unavyosogea diski hukauka na kupungua kimo. Pingili husogeleana, vijinundu vya mfupa huota pembezoni, na mishipa ya fahamu iendayo mikononi hukosa nafasi. Sehemu inayochakaa zaidi ni ya chini, kati ya pingili ya 5, ya 6 na ya 7, na ndiyo maana wengi husikia ganzi kwenye dole gumba au kidole cha kati.

Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo haiponi kama kidonda cha ngozi. Dawa hutuliza maumivu na uvimbe unaouzunguka mshipa wa fahamu. Nafuu anayoipata mgonjwa ni ya kweli kabisa, lakini diski inabaki ilivyo.

Picha mbaya si hukumu

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watu zaidi ya 1,200 wasio na dalili zozote za shingo. Karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa na diski zilizotokeza nje ya mahali pake. Walikuwa wakifanya kazi zao bila shida. Kwa hiyo kuchakaa peke yake hakutoshi kumuumiza mtu. Mara nyingi huongezeka jambo jingine: mzigo mzito, misuli dhaifu, au kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi. Hayo yapo mikononi mwetu.

Kurudia kwenyewe ni jambo la kawaida. Jopo la kimataifa la wataalamu wa maumivu ya shingo liliripoti mwaka 2008 kwamba kati ya nusu na asilimia 85 ya waliowahi kuumwa shingo husema wanaumwa tena mwaka 1 hadi 5 baadaye.

Misuli haijirudishi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maumivu huilegeza misuli midogo ya ndani inayoshikilia pingili, na yakiisha misuli hiyo hairudi yenyewe kwenye nguvu yake. Mgonjwa huacha mazoezi siku ileile ambayo shingo imekuwa tayari kuyapokea. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wafanyakazi wa ofisini, wanawake wenye maumivu sugu ya shingo, kwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi ya kuijenga misuli ya shingo walipata nafuu kubwa kuliko walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili.

Zoezi moja halihitaji kifaa. Weka kiganja kwenye paji la uso, usukume kwa kichwa bila kichwa kusogea, hesabu taratibu hadi 5, pumzika. Fanya vivyo hivyo kisogoni, kisha kila upande. Maumivu yakishuka mkononi, acha, ukamwone mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kazi za nyumbani

Kichwa cha mtu mzima kina takriban kilo 5. Ndoo ya lita 20 huongeza kilo 20, na ngata haipunguzi hata moja. Picha za eksirei za wabebaji mizigo kichwani, wakiwemo wabebaji kuni wa Kongo, zimeonyesha shingo zilizochakaa zaidi. Mgonjwa akitoka hospitali, kazi ya maji ihamie kwa mwingine, na hapa tunawataja baba na vijana wa kiume waziwazi. Pasipo mtu, tumia toroli au madumu mawili madogo, moja kila mkono. Fundi cherehani ainuke kila baada ya nusu saa. Simu iinuliwe usawa wa macho.

Kola ya kushikilia shingo isivaliwe miezi, maana hudhoofisha misuli. Msikubali kinyozi anyonge shingo hadi ilie: mshipa wa damu uendao ubongoni unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Diclofenac ya kujinunulia kila wiki huumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Hata upasuaji haufungi mlango. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa mgonjwa mmoja kati ya wanne waliounganishwa pingili hupata dalili mpya kutoka pingili jirani ndani ya miaka 10.

Msidhani kila mara ni ugonjwa uleule

Nendeni hospitali bila kungoja mgonjwa akishindwa kufunga vifungo, akiangusha vyombo, akiyumba anapotembea, au mkojo ukimshinda. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Homa, jasho la usiku au kukonda pamoja na maumivu ya shingo huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa zake. Bebeni picha za zamani, na mwambieni daktari mgonjwa alipata nafuu lini, aliacha mazoezi lini, na anabeba nini kila siku.