Mwili Usiohisi Maumivu: Maisha ya Kila Siku Baada ya Ukoma

Hakuna apendaye maumivu. Hata hivyo, mwanafunzi wa elimu ya viumbe hana budi kufahamu kwamba maumivu ni mmojawapo wa walinzi wakuu wa mwili. Mtu akikanyaga mwiba wa mgunga, mguu hunyanyuka mara moja. Akishika sufuria ya moto, mkono huondoka hata kabla ya akili kupata nafasi ya kufikiri. Makala haya yanaeleza yale yanayompata mtu aliyepotewa na mlinzi huyo, na jinsi awezavyo kulima, kupika na kulea watoto pasipo kuwa naye.

Mfano wenyewe unatoka katika nyanda za kati za Tanzania. Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, palijulikana kwa muda mrefu kwa kituo chake cha wagonjwa wa ukoma. Wengi waliotibiwa katika vituo vya aina hiyo walipona na kurudi vijijini. Lakini kupona ukoma na kurudishiwa hisia za mikono na miguu ni mambo mawili tofauti. Hapo ndipo linapoanza somo hili.

Kijidudu kinachopenda ubaridi

Ukoma husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium leprae. Aligunduliwa mwaka 1873 na daktari Gerhard Armauer Hansen katika mji wa Bergen, nchini Norway. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba ukoma si laana, wala si ugonjwa wa kurithi, bali ni ugonjwa wa kuambukizwa kama kifua kikuu.

Bakteria huyu ana tabia mbili zinazoeleza karibu mambo yote ya ugonjwa huu. Kwanza, hukua polepole mno. Bakteria wengi hugawanyika kwa muda wa dakika au saa chache, bali huyu huchukua siku 12 hadi 14 kugawanyika mara moja tu. Kwa sababu hiyo dalili huweza kuchelewa kwa miaka mitano, na pengine hata ishirini, tangu mtu alipoambukizwa. Pili, hustawi katika joto lililo chini kidogo ya lile la ndani ya mwili, yaani kama nyuzi 30 hadi 33 za sentigredi. Ndiyo maana hukaa katika ngozi, pua, masikio, na zaidi katika neva zinazopita karibu na ngozi.

Yafaa ieleweke pia kwamba watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya bakteria huyu, na hawaugui hata wakiishi na mgonjwa. Aidha, mgonjwa aliyeanza kumeza dawa huacha kuambukiza wengine baada ya muda mfupi.

Neva zinazoharibika

Neva ya mkono ipitayo nyuma ya kiwiko ndiyo ile ambayo mtu akijigonga huhisi kama umeme ukipita hadi kidole cha mwisho. Hapo neva iko karibu sana na ngozi, na kwa hiyo hushambuliwa mara nyingi. Ikiharibika, kidole cha mwisho na cha pete hufa ganzi na kujikunja. Neva ipitayo kando ya goti ikiharibika, mtu hushindwa kuinua mguu wa mbele, nao huburuta chini. Neva ya kwenye kifundo cha mguu ikiharibika, unyayo wote hupoteza hisia. Neva ya uso ikiharibika, jicho halifumbi vizuri.

Kila neva kubwa ina kazi tatu: kupeleka hisia, kuamrisha misuli, na kuendesha tezi za jasho. Zikikoma zote tatu, mkono au mguu huwa na ganzi, huwa dhaifu, na ngozi yake hukauka na kupasuka.

Kwa nini vidole hufupika

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, pamoja na wenzake, alichunguza jambo hili kwa makini. Walitambua kwamba vidonda na kufupika kwa vidole hutokana zaidi na majeraha ambayo mwenyewe hakuyahisi: moto, misumari, mipini, viatu vibaya, hata panya wanaotafuna vidole vya mtu aliyelala. Jeraha lisilouma halipumzishwi. Lisilopumzishwa huingiwa na vijidudu vya kawaida, usaha hufika kwenye mfupa, na mfupa huharibika kidogo kidogo.

Ugunduzi huu ulileta matumaini makubwa. Kama vidole vingeliwa na ukoma wenyewe, mtu asingekuwa na la kufanya. Lakini kwa kuwa huharibiwa na majeraha, basi vyaweza kulindwa.

Siku moja katika nyanda za kati

Chukua mfano wa mama mkulima mwenye ganzi katika nyayo na viganja. Alimaliza dawa zamani, na hana tena bakteria mwilini. Kila kukicha, kabla ya kushuka kitandani, hutazama nyayo zake na kati ya vidole. Asipoweza kuona vizuri, mjukuu humtazamia. Anatafuta wekundu, uvimbe, malengelenge au mwiba uliobaki. Hisia zikiondoka, jicho hulazimika kufanya kazi ya neva.

Kisha huloweka miguu katika beseni la maji ya kawaida kwa muda wa dakika ishirini hivi, hukwangua sugu taratibu kwa jiwe laini, na kupaka mafuta miguu ingali na unyevu. Maji hulainisha ngozi, na mafuta huyazuia yasikauke upesi. Mafuta ya alizeti, zao linalolimwa sana Dodoma na Singida, yanafaa kabisa kwa kazi hii.

Ushauri huu ni rahisi kuutoa, ila si rahisi kuufuata. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimeta 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa kiangazi maji huweza kuwa mbali, na ndoo moja ina kazi nyingi. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho hewa kavu hupasua ngozi zaidi. Kwa hiyo beseni dogo, maji ya kufunika nyayo tu, na kuyamwagia mboga baadaye, ni utaratibu wa busara kuliko kuacha kabisa.

Jikoni, mafiga ni hatari. Mama huyu hutumia vitambaa vinene kuipua sufuria, mwiko wenye mpini mrefu kusongea ugali, na hupima joto la maji kwa sehemu ya mkono yenye hisia, kama vile juu ya kiwiko. Haoti moto kwa kunyosha nyayo karibu na makaa.

Shambani, mpini wa jembe huzungushiwa kitambaa au mpira. Sababu yake ni ya kisayansi: mkono usiohisi haujui nguvu kiasi gani inatosha, hivyo hukaza kupita kiasi na kujiumiza. Viatu navyo vina masharti yake. Soli ya nje iwe ngumu kuzuia miiba, ya ndani iwe laini kugawa uzito, na kuwe na mkanda wa nyuma ili kiatu kisichopoke. Katambuga za matairi ni imara kwa nje, lakini zilizopigwa misumari ni adui, kwa maana msumari ukichomoza ndani hautahisiwa. Viatu vya mtu wa namna hii hushonwa au kugundishwa.

Usiku, nyumba inayohifadhi nafaka huvuta panya. Wagonjwa wa Vellore walipewa paka. Dawa hiyo inafaa vilevile katika tembe lenye vilindo vya uwele na mtama.

Uamuzi mgumu kuliko yote

Kidonda cha unyayo kisicho na usaha mwingi huweza kupona kwa kusafishwa, kufunikwa na kupumzishwa. Pumziko ndilo dawa kuu. Lakini mvua za nyanda za kati ni fupi. Mkulima akilala wiki kadhaa wakati wa kupanda, familia huweza kukosa chakula cha mwaka. Na kwa kuwa kidonda hakimuumi, hakuna kinachomzuia kuinuka na kushika jembe. Mtu mwenye hisia asingeweza kutembea hata hatua kumi na kidonda hicho. Yeye hutembea nacho maili kadhaa, na gharama yake huonekana baadaye, pengine kwa kukatwa mguu.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba ulemavu si jambo la mwili wa mtu mmoja tu. Majirani wakimpandia ekari moja, mguu umepona. Wakimtenga kwa kuogopa ugonjwa alioponywa zamani, huenda mguu ukapotea. Lugha nayo huponya au hujeruhi: kumwita mtu "mkoma" ni kumfanya awe ugonjwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kuwabagua, lakini sheria haifiki shambani isipobebwa na watu.

Macho

Jicho lisilofumba hukauka, na konea isiyohisi haijui mchanga umeingia. Upepo na vumbi la kiangazi huzidisha hatari. Mwenye tatizo hili hujizoeza kufumba macho kwa makusudi mara nyingi, huvaa kofia pana, hufunika macho kwa kitambaa safi alalapo, na hujitazama katika kioo kila siku. Wekundu wa jicho, hata usiouma, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuwahi ndiyo kinga

Zamani wagonjwa walitumia dawa moja, dapsoni, kwa miaka mingi, na baadhi ya bakteria wakawa sugu. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza dawa kadhaa zitumiwe kwa pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Matibabu huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na hutolewa bila malipo. Tanzania, iliyoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ilifikia mwaka 2006 lengo la kitaifa la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000. Hata hivyo, wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 waliendelea kugunduliwa kila mwaka katika miaka ya 2010.

Dalili ya mwanzo ni baka lenye rangi hafifu au nyekundu, lisilowasha, lisilouma, na lenye upungufu wa hisia. Kwa kuwa haliumi, hupuuzwa. Neva iliyoharibika kwa muda usiozidi miezi sita hivi huweza kurejea ikitibiwa upesi kwa prednisoloni chini ya uangalizi wa daktari. Iliyokufa zamani hairudi. Kwa hiyo mwanafunzi anayemshauri ndugu yake aende zahanati kuonyesha baka dogo huenda akamwokolea mkono.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja afumbe macho. Mwenzake amguse kiganjani polepole kwa ncha ya kalamu, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Hivi ndivyo wahudumu wa afya wanavyopima ganzi. Kisha kila mmoja avae glavu nene au afunge vidole kwa tabaka kadhaa za kitambaa, ajaribu kufunga vifungo vya shati na kuandika kwa chaki. Hesabuni chaki zilizovunjika, na mweleze kwa nini.

Maswali

1. Taja kazi tatu za neva, na ueleze matokeo ya kila moja ikikoma.
2. Kwa nini ukoma hauathiri sana viungo vilivyo ndani kabisa ya mwili?
3. Mkulima ana kidonda kisichouma katika unyayo, na mvua za kwanza zimenyesha. Jadilini: yeye afanye nini, na kijiji kifanye nini?