Somo la Karakana: Supa Gluu na Dawa ya Kuharakisha

Mabenchi ya kanisa na meza za chekechea huvunjika kila mwaka, na siku hizi fundi anayeitwa kuzitengeneza huenda akaja na supa gluu pamoja na kopo la dawa ya kupuliza inayoifanya ishike papo hapo. Katika toleo hili tunapenda kuzieleza kamati za usharika, na wafadhili wanaozinunulia karakana vifaa, kazi ya dawa hiyo na mipaka yake.

Supa gluu haikauki kama rangi. Hugeuka plastiki ngumu inapokutana na unyevunyevu, hata ule mdogo uliopo hewani na juu ya mbao. Mmarekani Harry Coover alikutana nayo mwaka 1942 akaiweka kando, maana ilinata kwenye kila kitu! Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Basi wakati wa masika kule Marangu au Kibosho hushika upesi, lakini Moshi mjini mwezi Februari, hewa ikiwa kavu, fundi hushikilia vipande mpaka vidole vimuume. Baridi ya Julai huichelewesha pia, na hata asidi iliyomo ndani ya mbao. Dawa ya kupuliza ina kemikali yenye tabia ya alkali, nayo huianzisha gundi bila kungoja unyevu.

Kwanza ondoa vumbi. Paka gundi nyembamba upande mmoja, kisha puliza dawa kidogo upande wa pili ukiwa umbali wa kama sentimita 25. Subiri ivukize, ndipo uunganishe. Lenga vizuri, kwa sababu nafasi ya kurekebisha haipo. Itashika kwa sekunde chache, ila nguvu kamili huja baada ya saa 24. Dawa ikizidi, gundi huchemka, hutoa povu jeupe na kuwa dhaifu.

Hapa ndipo kamati nyingi hudanganyika. Dawa huongeza haraka, haiongezi nguvu. Supa gluu huvumilia kuvutwa, lakini pigo na kubanduliwa huishinda. Mguu wa benchi lenye watu watano, wanaosimama na kukaa kila wimbo, hautadumu kwa gundi hiyo peke yake, na atakayeanguka huenda akawa bibi mzee.

Tunashauri hivi: paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ulimi na tundu lake, ukiacha sehemu mbili tatu ndogo bila gundi. Hapo weka tone la supa gluu, na upande wa pili puliza dawa. Matone hayo yatashikilia mbao kama klampu mpaka gundi nyeupe ikauke usiku kucha. Kwa karakana yenye klampu mbili tu, huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mfadhili akituuliza, tutamwomba klampu nne kabla ya katoni ya makopo. Klampu hudumu miaka mingi. Supa gluu huharibika kabatini.

Dawa hii huwaka moto, hivyo isipulizwe karibu na jiko la mkaa wala mahali pa kuchomelea vyuma, na madirisha yawe wazi. Gundi ikimwagikia pamba au nguo ya pamba hupata joto kali na kuunguza ngozi. Vidole vikigandana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uvitenganishe polepole bila kuvuta.

Linalotutia hofu zaidi ni macho. Chupa ya supa gluu hufanana na ya dawa ya macho, na katika nchi nyingi wako watu waliojidondoshea wakidhani ni dawa. Likitokea, usifungue kope kwa nguvu wala usitumie asetoni. Osha kwa maji mengi safi, funika kwa kitambaa chenye maji, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. KCMC mjini Moshi ina idara ya macho. Tunaziomba kamati zikague wiki hii: gundi iwe kwenye kabati lenye kufuli, mbali na sanduku la huduma ya kwanza.