Mashine Ikikwama: Kuzima Swichi Pekee Hakutoshi

Kazi ya kusindika chakula imeenea kote Kwale. Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988, miwa inasagwa tena. Mashine za posho ziko karibu katika kila kituo cha biashara, kuanzia Lunga Lunga hadi Ukunda. Kuna pia mashine za kukuna nazi na za kukamua miwa, misumeno ya nyama buchani na mashine za kukandia unga wa mikate. Zote hupunguza kazi. Zote pia zaweza kukata vidole au mkono mzima.

Mfanyakazi anapaswa kujua jambo moja kabla ya mengine: hatari huzidi pale mashine inapokwama, inaposafishwa au inaporekebishwa. Wakati huo ndipo kifuniko hufunguliwa na mkono ukaingia mahali ambapo kwa kawaida hauingii.

Kwa nini mkono hauwahi kurudi

Mota ya umeme ya aina inayotumika sana nchini huzunguka takribani mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde. Binadamu huchukua kama robo sekunde kushtuka na kuanza kuvuta mkono. Katika robo sekunde hiyo, mota imeshazunguka mara 6. Hata mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kushindana na kasi hiyo.

Rola mbili zinazozunguka kuelekeana, kama zile za kukamua miwa, huvuta chochote kinachozigusa. Mkanda wa mashine ya posho hufanya vivyo hivyo pale unapokutana na puli. Ncha ya leso, mkono wa kanzu au uzi wa aproni ukinaswa, mwili hufuata. Glavu za kitambaa nazo ni hatari karibu na sehemu zinazozunguka, kwa sababu hunaswa kabla ya ngozi.

Tena, mashine iliyozimwa si lazima iwe imesimama. Gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa.

Hatua 5 kabla ya kutia mkono

1. Wajulishe wote walio karibu kwamba mashine inazimwa ili isafishwe au itengenezwe.
2. Zima, kisha subiri hadi kila sehemu isimame kabisa.
3. Kata umeme kwenye swichi kuu au chomoa plagi. Kama ni injini ya dizeli, izimwe na mkanda utolewe.
4. Funga swichi kuu kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayetia mkono, si kwa msimamizi wala juu ya meza.
5. Jaribu kuwasha. Isipowaka, ndipo kazi ianze.

Hatua ya 4 ndiyo hurukwa mara nyingi. Mfanyakazi mwenza anarudi kutoka kunywa chai, anaikuta mashine imezimwa, anaiwasha bila kujua kuna mtu upande wa pili. Hakuwa na nia mbaya, lakini kufuli lingemzuia. Kazi ikiisha, kifuniko kirudishwe kabla ya swichi kuwashwa.

Wajibu wa mwenye kiwanda

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, kikubwa au kidogo. Inamtaka mwenye mahali hapo aweke vizuizi imara kwenye sehemu hatari za mashine, awafunze wafanyakazi na awape vifaa vya kujikinga bila malipo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iundwe kamati ya usalama. Sheria hiyo pia inakataza kumfuta au kumhamisha mfanyakazi kwa sababu amelalamikia hatari. Si jambo geni duniani: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu vizuizi vya mashine tangu mwaka 1963.

Mtu akiumia

Mkono ukinaswa, kata umeme kwanza. Usiuvute kwa nguvu. Jeraha likivuja damu, likandamize kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha weka mfuko huo juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja. Mgonjwa na kidole chake wafikishwe hospitalini pamoja, bila kuchelewa.

Fidia na siku za kuhesabu

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake na agharamie matibabu ya aliyeumia kazini. Kibarua anayelipwa kwa siku asidhani hahusiki kwa kuwa hana barua ya ajira.

Mwajiri anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Ajali ya kifo hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Aliyeumia ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Mwezi Desemba 2019, Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii, ambayo hutaka madai yaanzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa asilimia 10, hesabu ni 15,000 mara 96, kisha asilimia 10 ya jumla hiyo: shilingi 144,000.

Sheria hizi husimamiwa na serikali ya kitaifa kupitia Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ambayo ina afisi Mombasa. Aliyeumia, au jamaa yake, afike huko mwenyewe iwapo mwajiri hajaripoti. Achukue kitambulisho, karatasi za hospitali, tarehe na saa ya ajali, na majina ya walioshuhudia. Ni vyema mambo hayo yaandikwe siku ile ile, kabla mashahidi hawajatawanyika.