Kuandika Waraka kwa Msomaji Asiyeona

Mwanafunzi asiyeona husomewa waraka na kompyuta. Programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, hutolewa bure; msomaji akibonyeza herufi H, huruka hadi kichwa cha habari kinachofuata. Lakini angalia! Ukikuza herufi na kuzikoleza tu, macho huona kichwa, kompyuta haikioni. Mwenzetu atasikiliza kurasa 40 akitafuta swali moja. Basi teua maneno hayo, uyape mtindo wa kichwa uliomo katika programu ya kuandikia. Hapo huwekwa lebo isiyoonekana. Picha nayo iandikie maelezo: si “mchoro”, bali “moyo wenye vyumba 4”. Ukigeuza waraka kuwa PDF, hakikisha lebo zimehifadhiwa. Ukiuchapa kisha ukauskani, zote hupotea.