Somo: Mbwa wa lupango, tumutoe uzazi wakati gani?



Mbwa analinda mahindi na kuku. Lakini jike moja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka: mimba ni siku karibu 63 tu, na mara mingi watoto ni 4 mpaka 8. Wale wenye kukosa mwenyewe wanazurura, wanakula kuku, wanauma watoto. Hakuna mwenye kuwapeleka kwa chanjo. Na dalili za kichaa cha mbwa zikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara anakufa.

Jike. Mbwa mudogo: karibu miezi 6, mbele ya joto ya kwanza. Ile inapunguza uvimbe wa matiti, na inazuia usaha katika kizazi wakati wa uzee. Mbwa mukubwa, wa kupita kilo 20: ngojea amalize kukomaa, miezi 9 mpaka 15.

Kama iko na joto, usimupeleke, juu mishipa imejaa damu. Ngojea miezi 2 ao 3. Kama amezaa, ngojea watoto waache kunyonya na maziwa ikauke.

Dume. Miaka ni ile ile. Kisha operesheni, umufungie mwezi muzima, juu anaweza kupatia jike mimba bado.

Ataacha kulinda? Hapana. Anaacha kukimbilia majike tu, anabakia nyumbani. Lakini ananenepa mbio: punguza bukari kidogo.

Kazi hii ni ya munganga wa wanyama. Wembe wa nyumbani unaua. Lubumbashi, Chuo Kikuu (UNILU) kinafundisha waganga wa wanyama, mukaulize kule. Usiku wa mbele, mbwa asikule. Kisha, siku 10 mpaka 14, asioge, asilambe kidonda. Kikivimba ao kikitoa usaha, mumurudishe.

Kutoa uzazi hakuchukue nafasi ya chanjo. Chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi 3. Mbwa akiuma mutu: osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha mbio kituo cha afya, hata kama kidonda ni kidogo.

Kazi ya kikao:
1. Kila mutu ahesabu mbwa wa lupango yake: majike, madume, miezi.
2. Nani iko na joto ao ananyonyesha? Huyo angojee.
3. Wenye kubakia, tuwapange siku moja. Munganga akikuja mara moja kwa wote, transpo tunaigawanya.